Kangaga la Ukutani: Dogo, Gumu, na Halitaki Kubembelezwa

Makangaga yamepakwa jina la udeko. Mtu hununua moja, akaliweka sebuleni, akalisogeza karibu na dirisha, akalisogeza mbali na dirisha, na bado ncha za majani zikakauka mpaka akaukatia tamaa ukoo mzima. Mimi ninalo moja la kulitetea. Ni Asplenium trichomanes, kangaga dogo la kwenye nyufa za miamba na kuta kuukuu. Hapa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, linapigwa na barafu, theluji, mvua ya wiki nzima na jua la Julai, na ukilitazama Januari bado ni la kijani. Baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri hailiui. Kinacholiua mara nyingi ni kupendwa kupita kiasi: udongo uliojaa mbolea, chungu kikubwa kuliko mahitaji yake, na maji yanayotuama kwenye kitovu, yaani pale majani yote yanapochomoza.

Kulitambua si kazi. Majani yake yana urefu wa sentimita 5 hadi 20 hivi, yamejipanga duara kutoka kitovu kimoja. Katikati ya kila jani hupita ujiti mwembamba unaong'aa, wa rangi ya kahawia iliyoiva mpaka ikakaribia weusi. Kila upande wa ujiti huo vijani vidogo vya mviringo vimejipanga viwili viwili, kila kimoja ukubwa wa punje ya dengu au kuzidi kidogo. Geuza jani mwezi Julai utaona mistari mifupi ya kahawia mgongoni mwa kila kijani. Hapo ndipo spora zinapokaa. Vijani vikizeeka hudondoka kimoja kimoja, na ujiti hubaki umesimama mtupu kwa muda mrefu. Wengi wakiona vijiti hivyo vitupu hudhani mmea umekufa, wakautupa. Kabla ya kutupa, inama utazame kitovuni. Ukikuta vichipukizi vidogo vilivyojikunja, mmea wako uko hai na una mpango wake.

Jina la kisayansi, Asplenium trichomanes, lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Wauza miche wa huku huandika maidenhair spleenwort kwenye kibao, na ndilo jina la kuulizia dukani. Lina namna zake, na iliyo muhimu kwetu ni ile ya kuta na mawe ya chokaa, ambayo wataalamu huiita nususpishi quadrivalens. Kromosomu zake ni mara mbili ya zile za ndugu yake anayependelea miamba isiyo na chokaa. Miche inayouzwa kwa wingi ni ya namna hii ya chokaa, na hapo ndipo malezi yake yote yanapoanzia.

Mimi ni mtu wa Unguja, nimekulia katika nyumba ya mawe na chokaa, kwa hiyo tabia hii ya kangaga niliielewa upesi. Kwetu mawe ya matumbawe yalichomwa kwenye tanuu juu ya magogo, yakageuka chokaa, chokaa ikazimwa kwa maji, ikachanganywa na mchanga na udongo, ndipo mwashi akajengea. Ukuta wa namna hiyo ni laini kwa kulinganisha na saruji. Unafyonza unyevu na kuutoa tena. Mafundi wa Mji Mkongwe wanajua yanayotokea ukuta kama huo ukipigwa lipu ya saruji: unyevu hukosa pa kutokea, lipu ikabanduka, na jiwe likaanza kumong'onyoka ndani kwa ndani. Nyumba za matofali za Leeds zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zina hadithi hiyo hiyo. Zimeungwa kwa chokaa, na katika maungio hayo, hasa upande usiopata jua, ndipo kangaga hili linapojiotea lenyewe. Ukuta ulioungwa upya kwa saruji ngumu huwa haulioni. Nikipita mtaani nikakiona kichaka chake kwenye ungio, najua pale chokaa ya zamani bado ipo. Saruji nayo ikizeeka na kuchakaa huweza kulipokea, ila itachukua miaka mingi.

Wasioelewa huogopa kwamba litapasua ukuta. Hofu hiyo inatokana na mimea mingine. Kwenye magofu ya pwani yetu tumeona miti ya jamii ya mkuyu ikiota juu ya ukuta, ikashusha mizizi mpaka mawe yakaachana. Mizizi ya kangaga hili ni nyuzi nyembamba fupi zinazoshika vumbi na unyevu uliomo ndani ya ufa. Haina nguvu ya kusukuma tofali.

Basi tuanze na ukuta, maana huko ndiko kwao.

Tafuta ukuta unaotazama kaskazini au mashariki, kama unaishi Ulaya au Amerika Kaskazini. Huku jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na ukuta wa kaskazini hukaa kivulini karibu siku nzima. Kwa aliyekulia karibu na ikweta, ambako jua huhama upande kwa upande kadiri miezi inavyokwenda, jambo hili linahitaji kuzoea. Jua la asubuhi halina neno. Jua la alasiri ndilo linalochoma. Kisha chagua ufa unaoinamia ndani, ili mvua ikipiga uso wa ukuta sehemu ya maji iteremke mpaka mizizini. Ufa unaoinamia nje humwaga maji yote, na mmea utakauka hata katika mji wa mvua kama huu.

Mche uwe mdogo. Ule mkubwa wa kupendeza dukani una bonge la udongo lisiloingia popote, na ukilazimisha unavunja mizizi. Chukua mche mchanga, uoshe udongo wa dukani kwa maji ya uvuguvugu mpaka nyuzi za mizizi zionekane. Chimbua ufa kwa bisibisi kuukuu hadi kina cha kidole. Viringisha mizizi ndani ya tope zito la mboji ya majani na chokaa kuukuu iliyosagwa, isukume ndani kwa kijiti, kisha kaza kwa vipande vidogo vya jiwe juu na chini. Mche ukae umelala ubavu, kitovu kikitazama nje, usisimame wima. Ukilala hivyo maji hayatuami kitovuni. Ukimaliza, vuta jani moja taratibu: mche usicheze. Ukicheza, ongeza kipande cha jiwe.

Aprili au mwanzoni mwa Septemba ndiyo miezi yangu ya kupanda. Mche wa Aprili unahitaji kunyunyiziwa maji jioni katika siku kavu za msimu wake wa kwanza, kwa sababu mizizi haijaenda mbali. Mche wa Septemba unapata mvua bure, lakini una adui mwingine: maji ndani ya ufa yakiganda hutanuka, yakiyeyuka hulegea, na mchezo huo ukirudiwa usiku baada ya usiku mche mchanga husukumwa nje. Kila baridi kali ikipita mimi huzunguka ukuta na kuirudisha miche kwa kidole gumba. Ukishavuka majira ya baridi ya kwanza, mara nyingi hutauhangaikia tena.

Asiye na ukuta apande kwenye chungu. Chungu cha udongo wa kuchoma ndicho bora, kwa sababu kinapumua, na upana wa sentimita 10 au 12 unatosha kabisa. Kiwe na tundu chini. Udongo wangu ni sehemu moja ya mboji ya majani, au udongo wa miche wa dukani usio na mbolea nyingi, sehemu moja ya kokoto ndogo, na sehemu moja ya vipande vya chokaa kuukuu. Chokaa hiyo naiokota pale majirani wanapotengeneza kuta zao. Mafundi hufurahi kuipa mtu badala ya kuibeba kwenda jalalani. Ukiikosa, kokoto za mawe ya chokaa zinazouzwa kwa ajili ya bustani zinafaa vilevile. Chokaa mbichi, ile ya unga ya kujengea, usiiguse: inaunguza mizizi, na mikono yako pia.

Panda kitovu kikiwa juu kidogo ya udongo, kisha zungushia kokoto ili shingo ya mmea ikae pakavu. Weka chungu nje, kivulini, juu ya matofali mawili ili maji yapite chini. Ndani ya nyumba yenye kipasha joto hewa ni kavu mno, na kangaga hili halina haja ya joto lako. Jambo hili huwa gumu kwa sisi tuliotoka nchi za joto. Theluji ikianguka mkono unatamani kukiingiza chungu ndani. Kiache. Cha kuangalia ni chungu chenyewe, maana kilichochomwa vibaya hupasuka maji yakiganda, na kukisogeza karibu na ukuta wa nyumba kunatosha.

Kuhusu maji, kuna mdogo wangu mmoja kutoka Mbeya anayesoma hapa. Alinijia kikao kimoja cha Watanzania akiwa na mfuko mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Kangaga langu linaoza, dada, na maji nalipa kila siku."

Tulilitoa chunguni palepale, juu ya gazeti. Udongo ulikuwa mweusi, mzito, ukitoa harufu ya mtaro. Chungu kilikuwa cha plastiki, kimetumbukizwa ndani ya kingine cha urembo kisicho na tundu, na chini kulikuwa na maji ya kujaa kikombe. Mizizi ya nje ilikuwa kahawia, na ukiibana ngozi yake iliteleza ikabaki uzi mtupu. Lakini karibu na kitovu kulikuwa na nyuzi chache ngumu zisizoteleza, na kitovu chenyewe hakikulainika. Tulikata vyote vilivyooza kwa mkasi safi, tukaosha, nikampa chungu kidogo cha udongo na mchanganyiko wangu. Nikamwambia alipe maji udongo wa juu ukikauka, ayamwage pembeni, asiyamwage kitovuni. Yalibaki majani matatu tu. Machipuko yalipofika alinitumia picha, vichipukizi vimejaa.

Maji ya bomba yanafaa. Wakulima wa maua ya huku huhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya mimea inayochukia chokaa, kama kamelia na azalea, na wanaanza kuogopa bomba kwa kila kitu. Mmea huu chokaa ni rafiki yake. Mbolea usiupe, au ukishindwa kujizuia, upe ya maji ya mwani wa baharini iliyozimuliwa mara mbili kuliko maelekezo ya chupa, mara moja majira ya machipuko. Kangaga la ukutani likilishwa sana hutoa majani marefu, laini, yanayolala, na hayo ndiyo barafu huyaharibu kwanza.

Joto nalo linastahili neno. Julai 2022 Uingereza ilifikia nyuzi 40.3 huko Coningsby, katika jimbo la Lincolnshire, rekodi ya nchi. Makangaga yangu ya ukutani, upande wa kaskazini, yalijikunja kidogo tu. La chunguni lililokuwa linatazama magharibi liliungua majani yote. Sikulitupa, nilikata makavu, nikalihamishia kivulini, nikalinyunyizia kwa kiasi, na mvua za Septemba zilipoanza likachipua upya kutoka kitovuni. Ndani ya ufa jiwe huhifadhi ubaridi na unyevu ambao chungu hakina, na tofauti hiyo haionekani mpaka siku ya joto kali.

Usafi wake ni kazi ya mwezi Machi, kabla vichipukizi havijakunjuka. Kata vijiti vyeusi vitupu kwa mkasi mdogo, karibu na chini, usivivute. Ukivuta unang'oa na kitovu, maana shina lake ni fupi na limeshika juu juu.

Wadudu ni wachache. Koa hula majani machanga usiku, zaidi kwenye chungu kuliko ukutani. Wapitie na tochi uwaokote. Hatari ya kweli ya chunguni ni fukusi mweusi wa bustani anayeitwa Otiorhynchus sulcatus. Mkubwa wake hung'ata kingo za majani ya mimea mbalimbali, lakini anayeua ni buu lake, jeupe, lililojipinda, lenye kichwa cha kahawia, linalokula mizizi chini kwa chini. Ukiona mmea umenyauka ilhali udongo una unyevu, upindue mara moja utazame. Maduka ya bustani huuza minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ya kuchanganya na maji na kumwagia udongo mwishoni mwa majira ya joto; huwaingia mabuu na kuwaua, na hawadhuru mmea wala mtu.

Sasa, mche utoke wapi? Nunua, au omba kwa mwenye nao. Usiuchimbe porini. Katikati ya karne ya 19 Waingereza walishikwa na wazimu wa makangaga, mpaka mwandishi Charles Kingsley akautungia jina mwaka 1855. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alikuwa amegundua tangu 1829 kwamba mmea unaweza kuishi ndani ya chupa iliyofunikwa: alikuwa ameweka pupa wa nondo kwenye udongo wenye unyevu, kangaga likaota humo. Masanduku ya vioo yakaenea majumbani, wachuuzi wakapanda milimani na vikapu, na aina kadhaa adimu zikakaribia kufutika. Leo sheria ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na inalinda pia zile sakafu za mawe ya chokaa za Yorkshire, kama za Malham na Ingleborough. Nenda ukazione. Mwamba umetandazwa mlimani, umekatwakatwa na nyufa ndefu, na ndani ya nyufa hizo, chini ya upepo na midomo ya kondoo, makangaga ya aina nyingi yamejaa, hili letu likiwemo. Dakika chache za kuchungulia humo zitakufundisha mahali pa kulipanda vizuri kuliko kitabu.

Walioko nyumbani wameniuliza kama linaweza kuota Dar es Salaam au Mombasa. Silipendekezi, usiku wa pwani hauna ubaridi linaoutaka, na kubeba mmea kuvuka mipaka kunahitaji cheti cha afya ya mimea. Pwani ina la kwake: Pteris vittata, kangaga refu zaidi, lenye vijani virefu vyembamba, linalopenda kuta za chokaa na kuvumilia jua. Kanuni za chungu ni zile zile, kokoto na chokaa kuukuu, ila lipe nafasi zaidi. Tahadhari moja: mwaka 2001 wanasayansi wa Florida walitangaza kwamba kangaga hilo hufyonza sumu ya aseniki kutoka ardhini na kuilimbikiza majanini, kwa hiyo lisiwe chakula cha mbuzi wala dawa ya mtu. Walioko Lushoto au Limuru wana makangaga madogo ya jamii ya Asplenium kwenye miamba yao wenyewe. Wayaombe kwa wenye mashamba na wayape malezi niliyoyaeleza.

Ukishakuwa na mmea mmoja wenye afya, hutanunua tena: utaotesha miche kutokana na spora zake. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walishindwa kuiona mbegu ya kangaga, wakaamini kwamba ipo lakini haionekani, na atakayeipata naye hataonekana. Shakespeare aliigusa imani hiyo katika tamthilia ya Henry IV. Daktari John Lindsay, akiwa Jamaika, ndiye aliyeeleza katika makala iliyochapishwa London mwaka 1794 namna alivyootesha makangaga kutokana na lile vumbi la mgongoni mwa jani.

Unaweza kufanya hivyo jikoni. Julai au Agosti kata jani ambalo mistari yake imeiva kahawia lakini haijapasuka yote. Libane kati ya karatasi mbili nyeupe mahali pakavu. Baada ya siku moja mbili utakuta unga wa kahawia umejichora umbo la jani. Jaza kikopo udongo laini wa miche, mwagia maji yanayochemka ili kuua kuvu na mbegu nyingine, acha upoe kabisa, kisha pulizia unga huo juu, kidogo sana. Usiufukie. Funika kwa plastiki, weka dirishani pasipo jua la moja kwa moja. Kwa majuma kadhaa hutaona kitu. Kisha uso wa udongo utaanza kuwa wa kijani, na ukitumia kioo cha kukuzia utaona vipande bapa vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Hivyo si kangaga bado. Hicho ndicho kizazi cha kati, chenye viungo vya kiume na vya kike, na mbegu za kiume huogelea kuyafikia mayai. Bila utando wa maji hakuna kitakachotungwa, kwa hiyo hapa, na hapa peke yake, unyevu usikatike: nyunyizia maji yaliyochemshwa yakapoa, ufunike tena.

Majani ya kwanza ya kweli yakichomoza, anza kufungua plastiki kidogo kidogo ili yazoee hewa. Tenganisha vimiche kwa vishungi, usihangaike kutoa kimoja kimoja, na uvipande kwenye vikopo vyenye kokoto na chokaa. Toka spora mpaka mche wa kuingia ukutani ni mwaka na zaidi, na ule mche wa majani manne matano, wenye mizizi mifupi ya kuviringika kirahisi, ndio hasa ufa unaoutaka.